Pembea Nyingi za Sadallah

Hivi wewe, mara ya mwisho ulipokwenda mahali pa kuchezea ukarudi nyumbani umenuna, ulimlaumu nani? Huenda ulisema michezo ilikuwa michache. Huenda ulisema wenyeji wabahili. Basi kaa kitako usikie habari za Sadallah wa Kibiti, maana yeye aliujaza uwanja mzima pembea, akawapandisha watu mpaka wakachoka kupanda, na bado alasiri ilimkuta katika uwanja mtupu, kinywa wazi.

Sadallah hakuzaliwa Kibiti. Kwao ni Salale, kule visiwani ambako Mto Rufiji hujigawa vijito chungu nzima kabla ya kumezwa na bahari. Tangu ujana wake alikuwa mkata boriti kwenye mikoko, kazi ya kusimama katika tope hadi mapajani, maji yakijaa unapanda mtumbwini, yakitoka unashuka tena. Boriti hizo zilikwenda kujenga nyumba za matajiri ng'ambo ambao hawakujua hata jina la kijito zilikotoka. Kisha akamwoa Mwanahalima, binti wa Kibiti, akamfuata nchi kavu, na huko akageuka fundi. Akatengeneza vitanda, milango, mapaa ya nyumba. Mkono wake ulisifiwa, lakini jina hasa alilipata kwa pembea ya Idd.

Pale nyuma ya msikiti palikuwa na uwanja mpana, na kila Idd Sadallah alisimamisha nguzo mbili za mkoko, akalaza mti wa mwamba juu yake, akafunga kamba za makumbi na ubao mrefu wa kukalia watu wanne bega kwa bega. Pembea ilikuwa moja tu, na watu wa mitaa yote waliingoja hiyo hiyo.

Mwenye kuitawala hakuwa fundi. Alikuwa mama mkwe wake, Bi Biasha, mama mwenye sauti kama parapanda na ulimi kama wembe. Yeye husimama kaegemea nguzo, akaanzisha ubeti wa kumchapa mtu fulani aliye katika kundi la wanaongoja. Walio kwenye ubao huupokea ule ubeti huku wakipaa na kushuka. Na desturi ya pale ilikuwa hivi: aliyechapwa na wimbo ndiye anayepanda baadaye ili ajibu. Akijibu, naye humchapa mwingine. Kwa hiyo hakukuwa na foleni. Ungeweza kufika asubuhi ukapanda adhuhuri, au ukafika sasa hivi ukaitwa sasa hivi kwa sababu umevaa kanzu ya kuazima na Bi Biasha ameitambua.

Jambo hilo lilimkera Sadallah siku zote. Alikuwa mtu wa haki, na haki kwake ilikuwa kitu cha kugawa sawasawa kama nyama ya sadaka. Alimwona mgeni wa Mahege amekuja kwa miguu tangu alfajiri akarudi hajapanda, na fulani wa jirani amepanda mpaka kizunguzungu kwa kuwa ana mdomo. Akawa anamwambia mkewe, "Huu si mchezo, ni uonevu."

"Mwambie Mama, basi," Mwanahalima humjibu akicheka, akijua fika kwamba mkwe mwenye adabu hawezi kusimama mbele ya mama wa mkewe na kumkosoa.

Mwezi wa Shaabani wa mwaka ule, bei ya pamba ikiwa imepanda baada ya vita, Jumbe Kibwana alimwita Sadallah barazani kwake. Alikuwa mzee mnene, mpenda mzaha, lakini siku hiyo uso ulikuwa umemshuka.

"Serikali inautaka uwanja wa Idd," akasema. "Inataka kuweka gulio la pamba, na ukuta, na mizani."

"Uwanja ule una wenyewe, Jumbe."

"Mimi najua, nawe wajua. Bwana Shauri anasema hakuona mwenyewe, kaona majani."

Ndivyo ulivyokuwa utawala ule wa Waingereza, ambao Bwana Shauri alikuwa mkuu wake wilayani. Ulikuwa na jicho la ajabu. Ulipoona ukuta ulisema hapa pana mtu. Ulipoona mahali ambapo watu hukusanya furaha zao mara mbili kwa mwaka ulisema hapa ni patupu. Watu wakaporwa ardhi kwa kosa la kutoizungushia ukuta.

Jumbe akaendelea, "Nimembana, nikamwambia ule uwanja unafanya kazi. Amesema atapita Idd pili akienda Utete, na karani wake na vigingi. Akiukuta una watu, atatafuta mahali pengine. Akiukuta mtupu, vigingi vinapigwa siku hiyo hiyo."

"Hautakuwa mtupu."

"Mwaka jana Idd pili ulikuwa na mbuzi, Sadallah."

"Mbuzi wa nani?"

"Wangu."

Ilikuwa kweli. Mwaka uliotangulia mfanyabiashara mmoja wa Ikwiriri alileta kutoka Dar es Salaam pembea ya masanduku, ile inayozunguka kama gurudumu. Idd pili watu wa Kibiti walimiminika huko kama siafu. Sadallah alirudi nyumbani siku hiyo anawaza, na alichowaza kilikuwa jambo ambalo wewe na mimi tungeliwaza: kama pembea moja ya Ikwiriri imewachukua watu wangu, mimi nitajenga nyingi. Mtu atawezaje kuondoka mahali penye kila kitu?

Akashuka visiwani mwenyewe kuchagua miti. Ramadhani nzima alifunga saumu na kuranda mbao. Aliyemsaidia ni mtani wake Haruni, Mmatumbi, mtu wa maneno mengi.

"Mndengereko, unajenga pembea au unajenga meli?"

"Shika huko, wewe. Na ukiona kiu, kumbuka nyie Wamatumbi mlizoea kunywa umande."

Zilisimama pembea za kamba pande zote za uwanja. Ilisimama ya masanduku, ndefu kuliko ya Ikwiriri. Ikasimama ya kuzunguka chini kwa chini, yenye farasi wa mbao ambao Haruni aliapa ni punda. Na kubwa kuliko zote ni ile watu walioiita poromoko: jukwaa refu la boriti, na kutoka juu yake njia ya miti iliyorandwa ikapakwa mafuta ya ufuta. Sanduku la mbao liliteremka kwa kasi, likapanda mgongo mdogo, likaporomoka tena, likaja kusimama katika rundo la pumba za mpunga. Haruni alikuwa wa kwanza kulijaribu. Alipotoka kwenye pumba alijipapasa tumboni.

"Tumbo langu limebaki juu," akasema. "Mtu aende akaniletee."

Sadallah akacheka mpaka akasahau kwamba amefunga. Aliutazama uwanja wake akaona mfano wake haujawahi kutokea hapo Rufiji. Sasa ikabaki haki. Alichukua rimu ya gurudumu la lori lililokufa, akaitundika kwenye mti katikati ya uwanja. Kengele ikilia, waliopanda wanashuka na wanaongoja wanapanda, kila mtu kwa nafasi yake katika foleni. Hakuna atakayekosa, hakuna atakayependelewa. Na nyimbo? Wimbo wa Bi Biasha ungeweza kula nusu ya asubuhi kwenye ubao mmoja. Kwa pembea zote hizi angezimudu vipi?

Akamtuma mkewe. "Mwambie Mama mwaka huu apumzike. Amesumbuka miaka mingi."

Mwanahalima alimtazama. "Nimwambie hivyo hivyo?"

"Kwa heshima."

Alikwenda, akarudi, akaanza kuchambua mchele. Sadallah akauliza Mama amesemaje.

"Amesema, 'Ahsante.'"

"Basi tu?"

"Basi tu. Na mimi nimemjua mama yangu tangu nizaliwe, sijapata kumsikia akisema neno hilo akaishia hapo."

Idd mosi, baada ya swala, uwanja ulifurika. Walikuja wa Kibiti, wa Mahege, wa kando ya barabara, na wengine waliopanda kutoka visiwani kwa mitumbwi na kisha miguu. Sadallah alisimama kwenye rimu na chuma mkononi, kanzu imemkaa vema. Akagonga. Wakapanda. Akagonga. Wakashuka. Foleni zilikwenda kama maji mferejini. Hakukuwa na ugomvi hata mmoja. Poromoko lilipiga mayowe, masanduku yalizunguka, farasi walioitwa punda walijaa. Bi Biasha hakuonekana.

Mambo yalianza kulegea kabla ya adhuhuri, na mwanzoni Sadallah hakuelewa anachokiona. Aliona watu wakishuka kwenye poromoko, wakisimama kidogo wakijipangusa pumba, wakitazama huku na huku kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata. Kisha wanaokota watoto wao, wanakwenda zao. Walipita karibu naye wakizungumza.

"Umepanda?"

"Nimepanda zote."

"Je?"

"Basi. Nimepanda."

Akamsimamisha mama mmoja wa Mahege, Mwanaidi, aliyekuwa akifikia nyumbani kwa Bi Biasha kila Idd. "Dada, mbona mapema? Kuna kitu kimekosekana?"

"La, kaka, vyote vipo."

"Hukupata nafasi?"

"Nimepata mpaka nimechoka. Nimepandishwa, nimeshushwa, nimepandishwa, nimeshushwa." Akafunga vizuri ushungi wake. "Hata gunia la mpunga pale Ikwiriri hupandishwa likashushwa. Kesho tutakwenda huko huko, angalau kuna soko."

Alasiri ikaingia. Pembea zilining'inia, ubao mmoja mmoja ukitikiswa na upepo. Haruni alikuwa amejilaza ndani ya sanduku la poromoko, miguu nje.

"Mtani," akaita, "piga kengele nishuke."

Sadallah hakucheka. Alikaa juu ya rundo la pumba akawaza kwa uchungu. Kesho Bwana Shauri atasimama hapa, naye ataona miti mingi mizuri isiyo na mtu, na vigingi vitapigwa. Wajukuu wake wataleta pamba mahali babu zao walipoleta kicheko. Kosa liko wapi? Mti ni imara, kamba mpya, haki imetendeka. Alijaribu kukumbuka Idd zilizopita, ile pembea moja, na lililomjia si kupanda. Alikumbuka kungoja. Alikumbuka jinsi watu walivyosongamana masikio yamesimama, kila mmoja akihofia kutajwa na kila mmoja akitamani kutajwa. Jinsi yule wa Mahege aliyerudi bila kupanda alivyokuwa akirudi huku kundi zima likiimba ubeti uliomchapa jirani yake. Mwaka mzima walisimuliana beti zile mashambani wakipalilia. Na safari hii je, nani atasimulia kwamba alishuka kengele ilipolia? Alikuwa amewapa watu wote pembea, akawanyang'anya kila mmoja mwenzake. Na ile haki aliyoigawa, aliigawa vipande vidogo mno, kila mtu akaondoka na chake mkononi asijue aonje na nani.

Akainuka, akaenda kwa mama mkwe wake kabla ya magharibi.

Uani kwa Bi Biasha kulikuwa na wanawake wengi, wageni wa Mahege na majirani, wakitwanga na kukaanga. Sadallah alisimama nje ya ua wa makuti kama adabu inavyotaka, akamwita mkewe aliyekuwa humo ndani.

"Mwambie Mama nimekuja kuomba radhi. Kesho aje uwanjani."

Mwanahalima akageuka. "Mama, mkweo anaomba radhi, anasema kesho uje uwanjani."

"Nimesikia, makuti si ukuta," Bi Biasha akasema. "Mwambie kengele yake ni nzima. Iende ikalie."

"Anasema kengele yako..."

"Nimesikia," Sadallah akasema.

Mchi ukaendelea kulia kinuni. Kisha katika mapigo ya mchi ile sauti ya parapanda ikapanda:

"Jogoo wa mkwe wangu hawiki, hugongewa bati,
jua likiwa utosini bado anauliza wakati!"

Uani wakapasuka kwa kicheko. Sadallah alihisi masikio yakiwaka. Amechapwa. Na aliyechapwa hujibu, hiyo ndiyo desturi. Lakini mkwe kumwimbia mama mkwe wake, hilo halijawahi kusikika Rufiji yote, ni afadhali uvuke mto kwa miguu. Angeweza kuondoka na heshima yake. Akauwaza uwanja. Akaushika ule ua wa makuti kwa mikono miwili, akafumba macho, na kwa sauti yake ya mkata boriti, kavu, isiyojua kupanda wala kushuka, akajibu:

"Bati nililitundika, Mama, nikidhani nagawa haki,
mwenye wimbo kapumzika, uwanjani hata mbuzi habaki!"

Mchi ulisimama. Mtu mmoja akasema, "Astaghfirullah." Mwingine akauliza, "Ni mkwe huyo?" Kisha kicheko kilichotoka uani hapo kilivuka ua, kikavuka njia, watu wakachungulia kutoka nyumba za jirani wakiuliza kumetokea nini, na waliojua wakawasimulia wasiojua.

"Sauti mbaya hiyo, sijasikia tangu chura wa masika!" alisema Mwanaidi akifuta machozi. "Lakini amejibu. Amejibu, Bi Biasha, na deni liko kwako. Kesho Ikwiriri wataniona kwa ndoto, mimi siendi. Nitakuja kuona huyu mkwe anavyorudishiwa."

Bi Biasha akauinua mchi akaendelea kutwanga, kwa nguvu kidogo kuliko mwanzo. Mwanahalima alitoka nje ya ua, akamshika mumewe mkono, wakaenda nyumbani. Sadallah hakujua kama ameuokoa uwanja au amejivunjia tu adabu mbele ya mji.

Asubuhi iliyofuata alikwenda uwanjani mapema kuiteremsha ile rimu, akawakuta watu wamemtangulia. Bi Biasha alikuwa kaegemea nguzo ya pembea moja tu, ile ya zamani, kanga zake zimenyooka, hamtazami mkwe wala mti. Zile nyingine hakuna aliyezipanda. Bibi wazee walikuwa wamekaa kwenye mbao zake kama viti, wanatafuna tambuu; watoto wachanga walilazwa katika masanduku, kivulini; chini ya poromoko watu walitandika mikeka, vyungu vikachemka. Na waliendelea kuja. Habari ya mkwe aliyeimba ilikuwa imelala Mahege na kuamka barabarani.

Mkwe alijibiwa, naam, beti tatu mfululizo, mpaka Haruni akaanguka chini kwa kucheka. Yeye Sadallah akapandishwa peke yake kwenye ubao, akapaa na kushuka mbele ya umati, akaimba vibaya tena, akamchapa Haruni. Haruni akamchapa mtu wa Mahege. Moto ukawaka.

Ndipo gari la Bwana Shauri lilipotokea barabarani, likaingia pembeni mwa uwanja, likakosa pa kupita. Bwana Shauri akashuka, kofia mkononi, na karani wake Abdala, kijana wa Mohoro mwenye viatu vinavyong'aa, amekumbatia vigingi kifuani. Jumbe Kibwana akaenda kuwapokea.

"Huwa hivi?" Bwana Shauri akauliza kwa Kiswahili chake cha ofisini.

"Leo wachache, Bwana. Wengine bado wanapika."

Karani alitafuta pa kuweka kigingi cha kwanza. Kushoto mkeka, kulia chungu. Alikuwa ameinama hivyo, anamwomba bibi mmoja asogeze mguu, Bi Biasha alipomwona.

"Karani aenda Utete, kifuani kabeba vijiti,
mkewe kamtuma kuni, kapotea njia Kibiti!"

Uwanja mzima uliupokea. Abdala akanyooka. Bwana Shauri akamwuliza, "Wanasema nini?"

"Wanatusalimu, Bwana."

Lakini alikuwa mtoto wa mto ule, na umati ulikuwa umekwisha mfungulia njia hadi kwenye ubao. Wakaurudia ubeti, mara ya pili, ya tatu. Abdala akamtazama bwana wake, akawatazama watu. Akamkabidhi dereva vigingi. Akavua viatu, akaviacha majanini, akapanda.

Bwana Shauri alingoja. Karani alijibu, tena vizuri, akamchapa Jumbe. Jumbe na unene wake akavutwa apande. Kamba zikalia, watu wakalia nazo kwa kicheko. Bwana Shauri akatazama saa yake, akasema neno na dereva, dereva akapiga honi, honi ikamezwa na kiitikio. Mwishowe akaingia garini mwenyewe, akafunga mlango. Sadallah aliliona gari likirudi nyuma polepole kati ya mikeka, likageuka, likashika njia ya Utete na vigingi vyote ndani, na karani wake likamwacha uwanjani, peku, anashangilia pembeni ya nguzo akingoja zamu yake tena.